Timu Ikifilisika, Nani Alipwe Kwanza?

Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma wa Wilaya za Karagwe na Kyerwa



Wahenga walinena kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Ni nadra usemi huo kudhihirika kama unavyodhihirika katika mchezo wa kandanda. Timu inapopanda daraja huwa ni shangwe na vifijo: jezi hununuliwa, basi hukodiwa, na wachezaji huitwa kutoka mikoa ya mbali kwa ahadi za mishahara ambayo haijulikani itatoka wapi. Timu inaposhuka, au mfadhili anapofunga mkoba wake, shangwe hugeuka kuwa foleni ya wadai. Katika foleni hiyo yumo mchezaji ambaye hajalipwa miezi mitatu. Yumo mwenye basi. Yumo mwenye nyumba ya wageni, na mama ntilie aliyepika chakula cha kambi kwa daftari. Imo Serikali inayodai kodi, na imo klabu nyingine iliyouza mchezaji wake kwa ahadi.

Fedha zilizobaki hazitoshi kuwalipa wote. Basi nani alipwe kwanza? Hilo ndilo swali la mazungumzo haya. Huenda likaonekana ni swali la mawakili wa London au la wakuu wa FIFA kule Zurich. La hasha. Ni swali la kila mahali ambapo watu wengi huweka jasho lao katika chombo kimoja, kisha chombo hicho kikazama. Wananchi wa Karagwe na Kyerwa, ambao maisha yao yamefungamana na ushirika wa kahawa, wanalijua swali hilo kuliko wengi, hata kama hawajapata kuliuliza juu ya mpira.

Kanuni ya Waingereza

Nchi ambayo jambo hili limepiganiwa kwa muda mrefu na kwa uwazi ni Uingereza. Ligi za huko zina kanuni inayowagawa wadai wa klabu katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la wadai wa mpira, yaani wachezaji, vilabu vingine, na vyombo vya ligi vyenyewe. Kundi la pili ni la wengine wote. Klabu ikishindwa kulipa madeni na kuwekwa chini ya msimamizi, anayetaka kuinunua na kubaki na nafasi yake katika ligi hana budi kuwalipa wadai wa mpira deni lao lote. Wengine hugawana kinachosalia.

Matokeo yake yalionekana dhahiri mwaka 2010, wakati Portsmouth ilipokuwa klabu ya kwanza ya Ligi Kuu ya Uingereza kuwekwa chini ya msimamizi wakati wa msimu. Katika mapatano yaliyofikiwa mwaka huo, wadai wa kawaida waliahidiwa peni 20 tu katika kila pauni waliyodai, nazo zilipwe kwa miaka kadhaa. Wadai wa mpira walikuwa na haki ya pauni nzima. Hivyo mtu aliyeuza mkate kwa klabu na mtu aliyeuza mshambuliaji kwa klabu ile ile hawakusimama mbele ya deni kwa usawa.

Idara ya kodi ya Uingereza haikuridhika, na iliishitaki ligi mahakamani. Ilidai kwamba kanuni hiyo inavunja msingi wa kale wa sheria ya ufilisi, usemao kwamba mali ya mfilisika yagawiwe wadai wote kwa uwiano wa madeni yao. Mwezi Mei 2012 Jaji David Richards alitoa hukumu, na idara ya kodi ikashindwa. Hata hivyo jaji alitahadharisha kwamba ligi isiichukulie hukumu hiyo kuwa ni kuiunga mkono namna inavyowatendea wadai. Yeye aliamua hoja ya sheria iliyoletwa mbele yake, wala hakuamua kama kanuni ni ya haki.

Tofauti hiyo ni kubwa, na yafaa ieleweke vema. Sheria ya ufilisi haikusema kwamba mpira utangulie. Ligi ndiyo iliyosema. Nguvu ya ligi inatokana na kwamba inashika kitu ambacho mnunuzi anakitaka kuliko vyote, nacho ni nafasi ya kucheza. Jengo, nyasi na viti vya klabu vina bei ndogo bila ratiba ya mechi. Mwenye ufunguo wa ratiba ndiye mwenye kusema nani alipwe. Mama ntilie hana ufunguo wa kitu chochote.

Waingereza wenyewe wameanza kuilegeza kanuni hiyo. Mwaka 2015 vilabu vya madaraja ya chini ya Ligi Kuu vilikubaliana kwamba mnunuzi wa klabu iliyofilisika asipowalipa wadai wa kawaida angalau peni 25 katika kila pauni, klabu itakatwa pointi. Serikali nayo, ambayo ilikuwa imeacha nafasi yake ya mbele katika ufilisi tangu mwaka 2003, ilijirudishia sehemu ya nafasi hiyo kuanzia Desemba 2020. Na mwezi Julai 2025 ilipitishwa sheria inayounda chombo huru cha kusimamia fedha za vilabu kabla havijaanguka. Haya yote ni dalili kwamba hata mahali kanuni ilipozaliwa, watu wameona kuwa haitoshi kupanga foleni mbele ya kaburi. Lililo muhimu zaidi ni kumzuia mgonjwa asife.

Mkono wa FIFA

Hapa Afrika Mashariki hakuna kanuni ya ligi iliyoandikwa kwa namna ile ya Uingereza. Lakini matokeo yake yanafanana, kwa sababu ya mkono mrefu wa FIFA. Mchezaji au kocha wa kigeni asiyelipwa hupeleka madai yake katika vyombo vya usuluhishi vya shirikisho hilo. Akishinda, na klabu isipolipa kwa muda uliowekwa, klabu hufungiwa kusajili wachezaji wapya, na kifungo hicho huweza kuendelea hadi vipindi vitatu vya usajili. Vilabu vya Ligi Kuu ya Tanzania, vikubwa kwa vidogo, vimewahi kuonja adhabu hiyo. Kule Kenya, kampuni ya SportPesa ilipoondoa ufadhili wake katika michezo mwaka 2019, vilabu vikongwe vya Gor Mahia na AFC Leopards viliyumba kwa kukosa mishahara, na miaka iliyofuata vyote viwili vilifungiwa usajili kwa madeni ya wachezaji na makocha.

Nini hutokea klabu ikibanwa hivyo? Viongozi huchangisha, huuza, hukopa, na fedha ya kwanza inayopatikana huenda kulipa lile deni lenye kifungo. Mwenye gesti huambiwa asubiri. Mchezaji mzawa, ambaye hana wakili wala nauli ya kufuatilia kesi, naye huambiwa asubiri. Kwa hiyo kipaumbele kipo hapa nchini ingawa hakuna aliyekipitisha katika mkutano wowote. Anayetangulia ni yule mwenye fimbo.

Hoja za wanaotetea

Haki inataka hoja za upande wa pili zisikilizwe kwa ukamilifu. Wanaotetea kipaumbele cha madeni ya mpira wana hoja tatu zenye uzito.

Hoja ya kwanza ni ya usawa wa mashindano. Klabu inayosajili nyota kwa ahadi, ikatwaa kikombe, kisha ikakataa kulipa, imeiba ushindi kutoka kwa zile zilizocheza kwa kadiri ya mifuko yao. Kama ingeweza kufuta deni na kuendelea kucheza, basi udanganyifu ungekuwa njia ya mkato kuelekea ubingwa.

Hoja ya pili ni ya kuangushana. Vilabu hudaiana vyenyewe kwa vyenyewe. Klabu moja isipolipa ada ya uhamisho, ya pili hushindwa kulipa mishahara, na ya tatu hukosa mgeni wa kucheza naye. Ligi haifanani na soko la nyanya. Muuza nyanya hufurahi jirani yake akifunga kibanda, bali timu haiwezi kucheza peke yake.

Hoja ya tatu ni ya mchezaji mwenyewe. Umri wake wa kazi ni mfupi, na goti likivunjika mkataba huwa karatasi. Tena mchezaji mwenye njaa ni rahisi kununuliwa. Bao moja la kuachia kwa makusudi laweza kumpatia fedha kuliko mshahara wa msimu ambao hautalipwa. Mwenye kutaka mchezo safi aanze kwa kulipa mshahara.

Hoja hizi si za kupuuzwa. Lakini zikichunguzwa kwa makini, zinatetea mambo mawili tofauti yaliyofungwa katika furushi moja. Hoja ya tatu inatetea mshahara wa mtu. Ile ya pili inatetea biashara kati ya klabu na klabu. Na ile ya kwanza inahitaji adhabu kwa klabu iliyodanganya, kama kukatwa pointi au kushushwa daraja, wala haihitaji kwamba mama ntilie alipie adhabu hiyo.

Hesabu ya ubaoni

Walimu wanaweza kuliweka jambo hili ubaoni kwa hesabu ya darasani. Ichukuliwe klabu ya kubuni inayodaiwa shilingi milioni 40. Mishahara ya wachezaji, makocha na wafanyakazi ni milioni 12. Ada za uhamisho kwa vilabu vingine ni milioni 8. Chakula na malazi ni milioni 6, mabasi milioni 4, kodi na michango ya hifadhi ya jamii milioni 6, na mkopo usio na rehani milioni 4. Fedha zilizopo kwa kugawiwa wadai, zikiwemo za mnunuzi, ni milioni 24.

Kwa kanuni ya mpira kwanza, mishahara na ada za uhamisho, jumla milioni 20, hulipwa zote. Zinabaki milioni 4 kwa wadai wa milioni 20, yaani senti 20 katika kila shilingi. Mama ntilie anayedai milioni moja anapata laki mbili.

Kwa kanuni ya usawa kwa wote, milioni 24 hugawiwa kwa madeni ya milioni 40, yaani senti 60 katika kila shilingi. Mama ntilie anapata laki sita, lakini mchezaji naye anapoteza senti 40 katika kila shilingi ya jasho lake.

Ipo kanuni ya tatu, ya mshahara kwanza. Mishahara ya milioni 12 hulipwa yote, kisha milioni 12 zilizobaki hugawiwa wadai wengine wote wa milioni 28, zikiwemo klabu zilizouza wachezaji. Kila mmoja anapata kiasi cha senti 43 katika kila shilingi. Mama ntilie anapata laki nne na zaidi kidogo, maradufu ya kile alichopata chini ya kanuni ya mpira, na mchezaji hakupoteza hata senti.

Hesabu hiyo yafunua kile ambacho maneno huficha. Kinachomwumiza mdai mdogo zaidi ni ile ada ya uhamisho iliyojificha nyuma ya mgongo wa mchezaji, ikadai heshima ile ile ya mshahara.

Somo la kahawa

Sasa tafakari igeukie nyumbani. Ushirika wa kahawa katika eneo hili la magharibi ya Ziwa una historia ndefu. Bukoba Native Cooperative Union iliundwa mwaka 1950. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini na kazi yao ikapewa mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Mwaka 1990 Karagwe ilipata chama chake kikuu, KDCU, na hata baada ya Kyerwa kuwa wilaya mwaka 2012 chama hicho kimeendelea kuwahudumia wakulima wa wilaya zote mbili.

Katika safari yote hiyo mkulima amekuwa na nyuso tatu kwa wakati mmoja. Ni mwanachama, kwa hiyo ni mwenye chama. Ni mleta mali. Na ni mdai. Mkulima wa Nkwenda au Nyakahanga anapopeleka kahawa yake ya maganda kwenye chama cha msingi na kupewa stakabadhi badala ya fedha, amekikopesha chama. Hatoi mkopo huo kwa riba, wala hashiki rehani. Anachoshika ni karatasi.

Lakini foleni ya malipo haikuanzia kwake. Chama kilichokopa fedha za msimu kutoka benki kiliweka kahawa yenyewe kuwa dhamana. Kahawa ikiuzwa, benki hukata chake kwanza. Kisha hufuata gharama za usafirishaji, ukoboaji, ushuru na uendeshaji. Mkulima hupata kilichobaki, na bei ikianguka au gharama zikivimba, yale malipo ya pili aliyoyangoja huwa hadithi. Serikali ilipoagiza mwaka 2018 kwamba kahawa iuzwe kupitia vyama vya ushirika, nia ilikuwa kumwondolea mkulima mlanguzi. Hata hivyo malalamiko ya kucheleweshewa malipo yalisikika, na si siri kwamba kahawa nyingine ilivuka mpaka usiku kuelekea Uganda, ambako fedha ilitolewa mkononi.

Na malipo yakichelewa, mkulima hufanya nini? Ada ya shule haingoji mnada. Mgonjwa hangoji mnada. Basi mkulima huingia katika butura, yaani huuza kahawa ikingali mtini, pengine ikiwa maua, kwa bei ya kutupa. Mtu aliyekuwa mdai hugeuka kuwa mdaiwa, naye hukopa kwa masharti mabaya kuliko yale aliyowapa wenzake. Deni lisilolipwa kwa mnyonge halibaki moja. Huzaa deni jingine, na mtoto huwa mkali kuliko mzazi.

Mfano huo unamhusu mchezaji na mama ntilie kwa pamoja. Mchezaji asiyelipwa hukopa kwa matapeli au huuza mechi. Mama ntilie asiyelipwa hushindwa kumlipa aliyempa ndizi na maharage kwa mkopo, na mwenye maharage naye yumo kijijini akingoja. Hivyo hoja ya kuangushana, ambayo vilabu huitumia kujitetea, haiishi kwenye uzio wa uwanja. Mwenye maharage naye huanguka, ila yeye huanguka bila mtangazaji.

Kipimo cha haki

Kutokana na hayo chaweza kupatikana kipimo kilicho bora kuliko kuuliza kama deni ni la mpira au si la mpira. Kipimo chenyewe ni hiki: ni nani kati ya wadai aliyekuwa na uwezo wa kujilinda kabla ya kukopesha?

Benki ina uwezo. Inaweza kudai rehani, na isipopewa yaweza kukataa. Klabu inayouza mchezaji ina uwezo. Inaweza kudai fedha taslimu kabla ya kutoa hati ya uhamisho. Serikali ina uwezo wa kukagua na kukamata. Bali mchezaji wa miaka 20 aliyetoka kijijini hana uwezo wa kumkagua mwajiri wake. Mlinzi wa uwanja hana. Mama ntilie anayeambiwa na viongozi wenye heshima kwamba fedha za mgawo zinakuja, hana.

Itasemwa kwamba kuziondoa ada za uhamisho katika mstari wa mbele kutaviumiza vilabu vidogo vinavyolea vijana, vikiwemo vya wilaya za pembezoni kama hizi. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na yafaa ijibiwe. Kanuni za FIFA zinatoa asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa vilabu vilivyomlea mchezaji tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Kwa miaka mingi vilabu vidogo havikuziona fedha hizo, kwa sababu zilipitia kwa klabu nunuzi ambayo ilikuwa na madeni mengine. Tangu Novemba 2022 FIFA imeanzisha chombo maalumu cha kupitishia malipo hayo, ili mlezi apate chake wakati wa uhamisho wenyewe. Hilo ndilo jibu lifaalo: mlezi mdogo alindwe siku ya biashara, asiachwe mpaka siku ya mazishi ndipo apewe kiti cha mbele.

Sheria na sahihi

Nchini Tanzania jambo hili lina ugumu mwingine. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 ina utaratibu wa ufilisi, na inatambua madeni yanayotangulizwa, yakiwemo ya kodi na ya mishahara ya watumishi kwa kiwango na muda maalumu. Lakini vilabu vingi si makampuni. Ni vyama vya michezo vilivyoandikishwa chini ya Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967. Wanachama wa Simba waliridhia mwaka 2017 kuelekea mfumo wa kampuni, na kanuni za nchi zinataka wanachama wabaki na asilimia 51 ya hisa. Timu ya ligi ya wilaya au ya mkoa iko mbali na safari hiyo. Ina katiba, mhuri, mwenyekiti na katibu.

Ikianguka, hakuna mfilisi anayeteuliwa wala orodha ya wadai inayobandikwa. Timu huacha tu kuonekana uwanjani. Au hubadili jina, nafasi yake ikahamia mji mwingine. Kubadili jina au makao si kosa: mwaka 2024 Ihefu, timu iliyotokea Mbarali, ilianza kuitwa Singida Black Stars, na mambo kama hayo hutokea katika nchi nyingi. Hatari iko pale ambapo jina la kale huachiwa madeni na jina jipya huchukua pointi. Ndiyo maana kanuni za nidhamu za FIFA humtafuta mrithi wa klabu kwa kuangalia rangi, nembo, wachezaji na makao, ili asikimbie deni kwa kubadili kofia. Kule Uskoti, kampuni iliyoendesha Rangers ilipofilisika mwaka 2012, kampuni mpya ilianza katika daraja la nne, na ilibidi ikubali kulipa madeni ya mpira ya ile ya zamani. Wadai wengine wengi walibaki wakimtazama mfilisi.

Na katika timu ya wilaya, mdai humtazama nani? Humtazama aliyetia sahihi. Mara nyingi huyo ni mwalimu. Mwalimu ndiye katibu wa timu, kwa kuwa anaandika vizuri na anaaminika. Ni yeye aliyewazoea vijana tangu mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA. Ni yeye aliyekwenda kwa mwenye gesti akasema, wape vyumba, timu italipa. Timu ikitoweka, mwalimu hatoweki. Hukutana na mwenye gesti kila siku ya gulio pale Omurushaka au Kayanga. Deni la chama hugeuka deni la uso wake, na heshima iliyojengwa kwa miaka 20 ya chaki hutafunwa na msimu mmoja wa ligi.

Yapasayo kutendwa

Kwa kuzingatia hayo yote, utaratibu wenye haki ungekuwa na daraja chache zilizo wazi. Kwanza ulipwe mshahara wa kila aliyefanya kazi, awe mshambuliaji au mfagizi, kwa muda uliowekewa mpaka, kwa mfano miezi mitatu, ili mkataba mnono wa nyota mmoja usimeze fungu lote. Sambamba na mshahara yawekwe makato yaliyokwisha kukatwa kwa mfanyakazi, kama michango ya hifadhi ya jamii, maana hayo hayakuwa mali ya klabu hata siku moja. Baada ya hapo wadai wote waliobaki wasimame mstari mmoja, klabu iliyouza mchezaji pamoja na mama ntilie, kila mmoja kwa uwiano wa deni lake. Na nafasi ya klabu katika ligi isihamishwe kwa mnunuzi wala kwa jina jipya mpaka wadai hao wamepata sehemu ya chini iliyokubaliwa. Ufunguo wa ratiba, ambao hadi sasa umewalinda wenye nguvu peke yao, uwalinde na wanyonge.

Lakini kinga ni bora kuliko tiba. Mwezi Oktoba 2021 Biashara United ya Mara ilishindwa kusafiri kwenda Libya kwa mchezo wa marudiano wa Kombe la Shirikisho Afrika, kwa matatizo ya fedha na ya vibali vya ndege. Timu iliyokuwa imeshinda uwanjani ilitolewa na safari. Fundisho ni kwamba hesabu ya safari haina budi kufanywa kabla ya kuingia mashindanoni. Chama cha mpira cha mkoa au cha wilaya chaweza kuitaka kila timu iweke amana ndogo kabla ya msimu, kwa ajili ya wadai wadogo. Chaweza kuitaka ioneshe orodha ya madeni ya msimu uliopita kabla ya kuandikishwa tena. Afisa Michezo aweza kushauriana na Afisa Ushirika mwenzake wa ofisi ya jirani, ambaye ana uzoefu wa kukagua vyama vya msingi, kwa kuwa daftari la kahawa na daftari la mpira halitofautiani sana.

Na mwalimu aliye katibu wa timu azingatie mambo matatu. Asikope kwa kinywa, bali kwa barua yenye uamuzi wa mkutano wa kamati, na nakala apewe mdai. Asitie sahihi kwa jina lake tupu, bali kwa cheo chake na mhuri wa klabu. Na fedha za viingilio zikipatikana, zianze kumlipa aliyelisha vijana wiki ile ile, kabla hazijazungukwa na mahitaji makubwa zaidi. Deni dogo likilipwa mapema halihitaji kipaumbele cha mtu yeyote.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema dawa ya deni ni kuchagua wa kumlipa. Fedha zikipungua, kuchagua hakukwepeki. Basi na kuchagua kuwe kwa kanuni iliyotangazwa mapema, inayomwanza yule aliyetoa jasho lake bila kuwa na njia ya kujilinda. Kandanda litabaki mchezo wa wananchi iwapo mwananchi aliyeipikia timu ataweza kuingia uwanjani Jumapili akashangilia, bila kuwa na sababu ya kumtafuta katibu kwenye umati.